Koili Haina Chama

Jumatatu, Machi 9

Upepo wa jana umelaza mti wa blue gum katikati ya barabara ya soko, hapa Uriri. Watu wakaja na mapanga. Shemeji Javan, kaka mkubwa wa Willis wangu, akawafukuza. Anataka kiti cha MCA, diwani wa kaunti. Mti usiguswe — Jumamosi ataukata yeye mwenyewe, mbele ya watu na kamera. Mpaka hapo pikipiki zizunguke kwenye matope!

Saa nne akaniletea power saw yake, msumeno wa injini. "Nyar Kosele, binti wa Kosele, hii iwake." Miaka miwili haijaguswa. Nikafungua: haitoi moto. Koili, ile ya kutoa cheche, imelegea, imelalia flywheel, gurudumu lenye sumaku, na skrubu yake moja meno yameisha. Kazi ndogo lakini — unaweka kadi kati ya koili na sumaku, unakaza, unachomoa kadi. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa.

Nikatumia kadi yake ya kampeni. Aliniachia hamsini, zote na uso wake. Nyepesi kama karatasi ya kufungia mandazi! Kuvuta kamba tu — krrrr, koili inakwaruzwa.

Jumanne, Machi 10

Nilimwambia shemeji kwa adabu kwamba kadi zake ni nyembamba. Nilidhani atanuna. Wapi! Akafurahi: kumbe uso wake unapima mashine? Akaenda moja kwa moja kutangaza sokoni. Jumamosi Nyar Kosele atatengeneza power saw mbele ya umati, kwa kadi ya Javan! Nzito zinachapishwa leo.

Yawa, jamani. Alipomaliza kutangaza akanivuta kando. Mashine ikimwaibisha, Jumatatu nitafute kwingine pa kutundika spana zangu. Banda langu la ufundi liko kwenye ploti yake, ni kweli. Lakini miaka saba nimejenga jina hapa. Walinicheka, eti mwanamke na power saw, sasa wanapanga foleni. Nitaanza upya wapi mimi?

Sikula chakula cha jioni. Willis akala changu.

Jumatano, Machi 11

Homa Bay, kwa Abdi wa hardware, kutafuta geji ya chuma ya kupimia. Hana. Aliagiza mara ya mwisho 2019 na hakuna aliyenunua — kila fundi anatumia kadi, mama. Nikamwomba basi kadi yake ya biashara. Akacheka. Siku hizi yuko WhatsApp.

Nimerudi mikono mitupu. Nikishuka Uriri, msichana wa Benard akanibandika kadi mkononi. Benard ndiye mpinzani mkubwa wa shemeji. Nikaitupa kwenye mkoba haraka, wasije wakaniona.

Alhamisi, Machi 12

Kadi mpya za Javan zimefika. Zimepigwa plastiki, ngumu kama kitambulisho. Sasa nafasi imekuwa kubwa mno, moto hauruki. Vuta. Vuta. Bega linawaka lenyewe! Nikajaribu kadi ya harusi ya jirani Lynnet — ina maua yaliyovimba. Kadi ya kliniki — imelegea kama ugali wa jana.

Mwisho nikachungulia nje, nikatoa ile ya Benard.

Mvuto mmoja. Vruuum!

Nikazima mbio kama mwizi wa kuku. Nyasaye, Mungu wangu, mimi sijamchagua Benard. Koili ndiyo imemchagua.

Ijumaa, Machi 13

Willis ameshauri. Nafasi iko sawa, nisiiguse tena. Kesho nifungue, nipitishe kadi ya Javan hapo mbele, nijifanye nakaza, nifunge. Mume wangu hupata akili mara moja kwa mwaka. Mwaka huu ni leo.

Jumamosi, Machi 14

Igizo lilienda vizuri! Nikainua kadi ya Javan juu, makofi. Nikajifanya nakaza. Ikawaka. Shemeji, kofia mpya kichwani, akaanza kukata, kamera zote kwake. Akafika nusu ya gogo.

Pfff. Kimya.

Nilijua kabla ya kufungua. Ile skrubu mbovu! Imetikisika mpaka koili imelala tena. Umati: "Kadi! Kadi!" Nikaweka yake nzito, nikakaza, nikavuta. Hakuna kitu. Mtu nyuma akacheka. Spana ikaniponyoka, nikaliona banda langu likivunjwa bati kwa bati.

Shemeji akainama. Nini hii?  Nikatoa ya Benard, niliyoificha kifuani tangu asubuhi, nikaichomeka.

Akayaona yale meno ya Benard, anavyocheka kwenye picha. Nikangoja kofi.

"Geuza uso chini," akanong'ona.

Nikageuza. Nyuma pia kuna uso!

Akavua kofia, akafunika mashine, akasimama mbele yangu akipungia watu. Nikakaza gizani humo chini ya kofia, nikachomoa, nikavuta kamba. Vruuum! Mti ukakatika, barabara ikafunguka, wakaimba jina lake hadi sokoni.

Sasa ni saa kumi. Amekuja bandani peke yake. Nilijua ni kufukuzwa — hata spana nilikuwa nimeshaanza kukusanya. Lakini ameketi tu. Ameomba ile kadi. Anaikunja, anaikunjua, anapima unene kwa kucha. Naandika hapa nikijifanya naandika risiti.

Anataka kujua Benard alichapisha wapi. Kesho baada ya kanisa niende kwake, nimuulize kama mteja tu. Nikamuuliza, na banda, shemeji? Eti banda tutaongea kadi zake mpya zikifika.

 Ameinua kadi kwenye mwanga wa mlango.

"Shem, sema ukweli. Huyu jamaa ametoka poa kwenye picha kunishinda?"

Ametoka poa sana, ila hilo naliandika tu hapa. Anangoja, ananiangalia. Miguu yake imekanyaga ploti yake.