Ardkeen Anarudi Uwanjani

Jumanne, 3 Mei 1983
Mvua tangu asubuhi. Daktari Lacey kampima farasi jike wa thelathini na moja aliyepandwa na Ardkeen. Hana mimba! Kama wale thelathini. Akanawa mkono, akatuambia wote palepale: mbegu za Ardkeen hazina uhai, dawa hakuna. Farasi aliyeshinda mbio tisa, na ile ya Paris — nami ndiye niliyemshika hatamu siku zote hizo. Tadhg, anayeleta majike, kanicheka: "Fintan, dume lako linapiga kelele za bure!" Nikacheka naye. Chai nikaimwaga.

Jumatano, 4 Mei
Bibi Considine, mwenye shamba, kaja zizini na viatu vyake vya kanisani. Anataka Ardkeen ahasiwe, atulie, wajukuu wampande. Nikaropoka: "Mama, ana miaka sita tu. Mrudishe mbioni."
"Na akishindwa, Fintan? Watu watakumbuka hilo tu."
Nikamwambia wakisikia kahasiwa watakumbuka hilo zaidi. Sikujua nina ulimi wa namna hiyo!
Kakubali mbio moja. Akishinda, anaendelea. Asiposhinda — kisu.

Jumapili, 19 Juni
Baada ya misa. Tumehamia kwa Bwana Hession, mkufunzi wa mbio. Kamtazama Ardkeen, kasema ana tumbo kama askofu. Tunatembea tu, maili sita kwa siku. Kila akiona jike anasimama kuhutubia. Namsubiri amalize.

Ijumaa, 12 Agosti
Kakimbia! Si kutimka — kukimbia. Noreen, anayempanda mazoezini, kashuka macho yamejaa machozi. Eti upepo. Sikubisha.

Jumamosi, 10 Septemba
Uwanja wa mbio wa Curragh, banda namba kumi na nne. Saa sita na nusu. Mbio yetu saa nane. Jua kidogo, ardhi nzuri. Watu wamejaa uzioni kumwona akishuka garini, mzee mmoja kavua kofia kabisa. Bibi Considine kaja na wajukuu, kavaa bluu.
Nimefungua bandeji zake sasa hivi. Mguu wa mbele wa kushoto, nyuma, chini ya goti: joto. Kidogo sana. Kama kikombe kilichokwisha kunywewa. Nikashika wa kulia — baridi. Nikarudi wa kushoto. Hachechemei. Anatafuna nyasi, ananipumulia shingoni. Labda ni safari. Labda ni mkono wangu.
Joto hapo huwa dalili ya mshipa wa kano kuumia; ukikatika akiwa mbioni, hatarudi hapa kwa miguu yake. Nikisema, hakimbii leo, na kwa Bibi Considine ni kisu.
Bwana Hession kagonga mlango: "Miguu vipi?" Kila asubuhi ananiuliza hivyo, kila asubuhi namjibu kabla hajamaliza. Leo nimesema bado sijamaliza kuikagua.
"Haya, fanya hima. Nakusubiri, kisha nampeleka mpandaji wetu wa leo akapimwe uzito."
Hajaondoka. Naona viatu vyake chini ya mlango, nasikia harufu ya sigara. Nimekalia ndoo, daftari gotini. Mkono mmoja unaandika, mwingine bado uko mguuni.