Gunia la Mama Mkwe

Jumatano, baada ya Isha

Yaani mama mkwe hataki kabisa kuamini kwamba nyumba hii ya serikali haiingii maji. Tangu tuhamishwe kutoka mabanda ya bondeni, nyuma ya soko la Kibiti, gunia lake la mpunga analala nalo kitandani, na kitanda chenyewe amekiinua kwa matofali kama dungu la kulindia shamba.

"Mama, huku ni mlimani," nilimwambia asubuhi, nimeshakereka. "Maji hayafiki."

"Hata kule tuliambiwa hivyo," akanijibu, akaongeza tofali jingine.

Alisema kweli. Kule kila masika tulikuwa tunakesha wima, watoto mabegani.

Mchana mvua ikamwagika, ile ya kuziba masikio. Nikajikuta na mimi nimeshika ndoo, nimesimama mlangoni nangoja kuchota. Maji yakapita kwenye mtaro wa zege, yakateremka zake. Sakafu kavu. Niliona haya, nikairudisha ndoo uani. Waliojenga hapa walifikiria, wallahi. Msingi umeinuka, bati halivuji, choo kina mlango wa kufunga.

Ila hati bado hatujapewa, na hilo linaninyima raha. Wakija siku moja kusema tuhame tena...

Jioni nilienda chumbani kwake kumwita kula. Matofali ameyatoa nje, ameuzungushia mchicha wake. Gunia liko sakafuni, naye amelikalia, anasuka ukili wa mkeka.