Siku Nne Zilizobaki Kwenye Kalenda

Fundi wangu,

Barua zako zote nilizokuandikia, wewe ukiwa umekalia ndoo na kunipa la kuandika, zilianza kwa kuuliza hali ya huko. Hii siwezi kuianza hivyo. Hali ya huko uliko sitaijua mpaka nije, na sina haraka ya kuja. Basi nakupa habari za huku tu.

Kesho asubuhi nakwenda ofisini kwa Bwana Shauri, yule afisa wa serikali, kuandikiwa nyumba. Nyumba hii hii ya Bi Mishi, ambayo wewe na mimi tumepanga chumba cha nyuma miaka kumi na moja. Bi Mishi atakaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, na mashahidi wawili watasimama nyuma yetu. Buibui langu nimelianika uani tangu asubuhi, maana limenuka sanduku. Nimekwisha kata kucha, nimeuliza mara tatu ofisi inafunguliwa saa ngapi, na bado moyo haujatulia.

Nusura tuikose, Fundi. Na nusura tuikose kwa ujinga wangu mwenyewe.

Siku ile ulipozikwa, Mama Rukia, jirani yetu wa mlango wa mkabala, ndiye aliyenivisha nguo nyeupe akaniweka eda. Akanieleza kwamba ni miezi minne na siku kumi, kwamba sitoki, sijipambi, na wanaume wasio maharimu zangu siwaoni. Nikamwambia nayajua yote hayo. Nilikuwa nayajua nusu. Mtu aliyezaliwa kwa Wakristo kule Maragoli, akasilimu kwa ajili ya fundi mmoja mwenye udongo mpaka kwenye nyusi, huzoea kuitikia kwa kichwa kwanza na kuelewa baadaye. Hata wewe hukuwahi kunikamata.

Unakumbuka alichosema ndugu yako Hamisi siku ya harusi yetu? Alisema, huyu wa kusilimu, ukifa leo hata eda hatakukalia. Watu wakacheka, na wewe ukacheka, nikakuona. Mimi sikucheka. Nililiweka neno lile miaka yote hii, na ulipokufa nikalitoa. Nikasema nitakaa eda hii mpaka saa ya mwisho, na Hamisi atanyamaza.

Sasa sikiliza nilivyoihesabu. Ile kalenda iliyo karibu na mlango, uliyopewa na Mhindi wa duka la misumari, yenye picha ya treni darajani, ulikuwa ukiipiga mstari kila siku uliyokwenda kazini kwa kile kipande chako cha penseli nyekundu. Mistari yako iliishia Jumamosi ulipoanza kukohoa. Nikakichukua kipande cha penseli, na kila jioni baada ya kuswali Magharibi nikapiga mstari wangu mmoja. Nilihesabu miezi minne ya kalenda, nikaongeza siku kumi, nikafika Ijumaa ya wiki hii. Nikaizungushia duara. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumwuliza mtu.

Wiki mbili zilizopita Bi Mishi aliingia akakaa kitandani, magoti yakilia. Akasema dada yake wa Malindi amemwita, tikiti ya gari la moshi ni Alhamisi ya wiki hii, na ofisini amepewa Jumatano. Akasema, "Mwanangu, neno nilimpa mumeo, na neno lile bado liko kwenu." Unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Ulikubaliana naye bei ya nyumba kabla hujaugua, ukazunguka nyumba nzima ukigonga kuta kwa vidole na kutega sikio, mpaka akakuuliza unamwita nani. Ukamwonyesha nyuma ya mlango wetu, ukagonga, pakalia mvungu. Ukasema, "Hapa pananidanganya, fito zimeoza." Yeye akaogopa utashusha bei. Hukushusha. Ulisema utapafungua mwenyewe siku nyumba ikiwa yetu.

Nikaitazama kalenda. Jumatano, na duara langu liko Ijumaa. Nikamwambia, "Bi Mishi, niwie radhi, niko edani, siwezi kutoka." Akanitazama muda mrefu, mtazamo ambao sikuuelewa. Akasema tu kwamba ameelewa. Kisha akataja mwenye duka mmoja wa Eastleigh anayeitaka nyumba aifanye ghala ya magunia. Ghala haina wapangaji, Fundi. Wote tungetoka, na mimi nikiwa wa kwanza.

Hamisi akaja, akazungumza nami akiwa nje ya pazia, kwa adabu. Akasema, "Shemeji, niandikwe mimi badala yako. Jina ni jina tu." Nikamjibu kwamba kama jina ni jina tu, basi ataweza kuvumilia likiwa langu. Si mtu mbaya ndugu yako, na urithi uligawanywa mbele ya sheikhe kila mtu akapata haki yake. Lakini fedha za nyumba hii ni za vitumbua nilivyouza miaka tisa na fungu langu la urithi wako, na wewe mwenyewe ulisema hati itaandikwa Zuhura, kwa sababu mafundi huanguka kutoka juu ya paa. Hukuanguka kutoka paa lolote. Ulipatwa na kichomi kwenye mvua, ukiwa unajenga nyumba za baraza la mji kule Mbotela, ambazo wewe na mimi tusingeweza kuzinunua hata tukiuza nguo za mwilini.

Sheikhe aliniletea ujumbe kwamba kwa dharura mjane anaruhusiwa kutoka mchana. Nikamshukuru, nikakataa. Kichwa changu unakijua. Nilimwambia Mama Rukia ni kwa sababu ya neno la Hamisi, naye akatikisa kichwa akaenda zake. Wewe nitakwambia kweli. Nilikuwa sitaki kutoka. Ndani ya chumba hiki koti lako bado lilikuwa kwenye msumari, na kipande chako cha kutembelea mfukoni, kile askari walichokuwa wakikudai kila njia panda. Nilijua nikitoka kwenda kusaini karatasi, nitarudi nikiwa mtu mwingine. Basi nikachagua. Jumapili nilimtumia Bi Mishi neno: mpe mwenye duka. Kisha nikageukia ukutani, nikalia kwa ajili ya nyumba yetu.

Jumatatu alasiri Mama Rukia akaingia na beseni, udi, na leso mpya bado ina mikunjo ya dukani. Akauliza mbona sijatuma mtu. Nikamwuliza nitume mtu kwa nini. Akasema, "Si leo unatoka? Jua likizama eda yako imekwisha." Nikamwonyesha duara langu. Akaisogelea kalenda, akaitazama ile treni, akanitazama mimi. Akasema, "Zuhura, hii ni ya kulipia watu mishahara. Eda inahesabiwa kwa mwezi wa juu. Ulifiwa mwezi ukiwa mchanga wa siku moja, umeandama mara nne, na leo ni siku ya kumi." Na Ramadhani nilifunga humu humu, Fundi, nikasikia watu wakipiga kelele uani kwamba mwezi umeonekana, na bado sikuunganisha mambo.

Mama Rukia alipoacha kucheka, akamwita Bi Mishi. Bi Mishi akaja na fimbo yake, akasikia, akakaa chini. Kumbe naye alikuwa amekwisha hesabu zamani, akaona Jumatano niko huru kabisa. Niliposema niko edani akafikiri siitaki tena nyumba, kwamba namkatalia kwa heshima, na yeye kwa heshima akaona si vyema kunibana. Wanawake wawili wanaoishi chini ya bati moja, wiki mbili kila mmoja akimstahi mwenzake, na nyumba inakwenda. Mwenye duka alikuwa ameambiwa aje Jumanne. Bi Mishi akatuma mtu jioni ile ile kumwambia asijisumbue.

Nikalia. Mama Rukia akasema ni furaha, akanipigapiga mgongo. Nikamwacha aamini. Nilikuwa nalilia zile siku nne. Nilikuwa nimejiwekea, Fundi. Nilikuwa nimekwisha jua nitakaa nawe Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, nikukumbuke polepole, nikuage nikiwa tayari. Nikaambiwa zimekwisha, na maji kwenye beseni yanapoa. Najua wewe ungecheka, na ungenistahi kwa kugeuza uso.

Waliniogesha. Leo asubuhi nilitoka uani, jua likaniumiza macho, wapangaji wakanipa mkono mmoja mmoja. Sikukaa nao sana. Nilichukua ule mwiko wako wa kukandikia, nikazunguka vyumba vyote sita nikigonga kwa mpini na kutega sikio. Bi Mishi akauliza, "Na wewe unamwita nani?" Nikagonga tena. Nyuma ya mlango wetu bado panadanganya. Nimepata mahali pengine pawili ulipopapita, mojawapo katika chumba cha mbele chini ya dirisha. Ama ulichoka siku ile, ama ulipasikia ukanyamaza ili Bi Mishi asiumie. Nadhani ni hilo la pili.

Nakuahidi hili. Kabla sijapandisha kodi ya mtu, kabla sijanunua hata kiti, nitapafungua nyuma ya mlango, nitoe fito zilizooza, niweke mpya, nikandike kwa mikono yangu. Patapinda. Timazi lako sijui kulitumia, na sitamwita fundi mwingine. Ukuta ule utapinda na utasimama.

Koti nimempa Hamisi. Alilia, na hakusema neno juu ya jina. Kesho ndiye shahidi wangu mmoja.

Kalenda nimeiacha ukutani. Mistari yangu inaishia Jumatatu, na baada yake kuna zile siku nne nyeupe mpaka penye duara. Kwa Mungu eda yangu imekwisha, na mimi sibishani Naye. Kesho karani ataniuliza mimi ni nani, nami nitasema Zuhura, mjane, mnunuzi, naye ataandika hivyo. Halafu nitarudi hapa, nifungue mlango kwa ufunguo wangu, na mpaka Ijumaa jua lizame, humu ndani bado ni mkeo.

Pumzika, Fundi. Kuta nitazigonga mimi.

Zuhura