Peniel Anaendelea Vizuri

Nyumba ya wageni, kwa Mama Ornella,
Milimani, Italia.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo kwa Baba pia, na kwa bibi wa Mitundu kama bado yuko hapo nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba upepo wa Unyambwa umewaachia mabati yenu. Alizeti mmeshavuna? Sisi huku tunapumua, baridi tumeizoea kiasi. Barua anakuletea Padri Antipasi, yule anayesoma Roma, kwa kuwa anatangulia kurudi kabla yetu. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Tafadhali mwache akae hapo mpaka umalize kusoma.

Kwenye simu huwa siongei, unanijua. Baba anaweka spika, majirani wanajaa, mimi naitikia ndiyo Baba, sawa Baba, halafu nampa mdogo wangu Peniel simu. Kwa hiyo hata hapa tunapokaa hujapasikia vizuri.

Ni nyumba ya mawe ya ghorofa tatu, na kijiji chote kimeng'ang'ania ubavu wa mlima kama mbuzi. Hospitali iko mjini, chini bondeni. Watu wa parokia waliotuleta walituweka huku kwa sababu Mama Ornella huwapokea wagonjwa wanaosubiri zamu ya kupasuliwa, kama Peniel na moyo wake. Anaiendesha nyumba na mumewe Dario pamoja na mama mkwe wake, Bibi Pierina, anayefuga sungura. Wageni wengine wanakuja kutembea tu. Mama, watu wazima wenye afya zao wanapanda mlima na fimbo mbili mbili mkononi, jioni wanarudi hoi, na hawakuwa wanachunga hata mbuzi mmoja! Peniel alitaka nimuulize mmoja wao mifugo kaiacha wapi, nikaona aibu kutafsiri.

Tunakula meza moja na wenyeji. Wana ugali wao wa njano, wanaumwaga kwenye ubao. Siku ya kwanza Peniel alinawa akamega kwa mkono. Dario akacheka, akaweka uma pembeni, akamega naye. Bibi Pierina alijifunza shikamoo lakini akaigeuza kinyume, kila asubuhi anamwamkia Peniel. Mtoto anaingia chini ya meza, analalamika, "Dada, mwambie aache, mimi siwezi kumwitikia bibi mzima marahaba, nitapata laana!"

Ungewapenda, Mama. Ndiyo maana haya yanayofuata yananiwia magumu kuandika.

Kila asubuhi Mama Ornella akimimina maziwa alikuwa ananiuliza kwa Kiingereza Peniel anaendeleaje. Nami nilijibu anaendelea vizuri, asante. Ningejibuje? Kwetu mtu akisalimiwa anasema nzuri hata kama ana msiba ndani. Kwanza uzima, halafu mwenyeji anakuvutia kigoda, anakuuliza tena kwa utulivu mnaendeleaje huko, na hapo ndipo unatoa shida yako. Niliisubiri ile mara ya pili, haikuja. Yeye akishasikia vizuri anafurahi, anakwenda kupiga simu hospitali, anawaeleza vile vile nilivyomwambia.

Na Peniel hakuwa vizuri. Miguu ilivimba mpaka viatu vikagoma kuingia. Dario akampa ndala zake za manyoya akidhani mtoto amezipenda. Ngazi nazo zikamshinda, nikawa nambeba mgongoni kabla wenyeji hawajatuona, kwa sababu ulituagiza tusiwasumbue watu waliotusaidia. Sikulaumu, Mama, agizo lilikuwa jema. Mlinichagua mimi nije naye kwa ajili ya Kiingereza changu cha sekondari. Kiingereza ninacho. Mdomo wa kukitolea ndio sina.

Zamu yake ilipokaribia, hospitali ikapata mtoto mwingine aliyezidiwa. Wakauliza kama Peniel anaweza kumpisha. Mama Ornella akashusha simu, akanigeukia mimi. Nikasema hamna shida.

Mama, nilisema hamna shida.

Haikupita muda Peniel akaanguka kwenye ngazi, wakamkimbiza bondeni. Walimpa dawa ya usingizi, wakapitisha mpira mwembamba pajani hadi kwenye moyo ili wauangalie. Kisha daktari akanikalisha, akaongea polepole ili nielewe. Alisema moyo umechoka mno, wakifungua kifua hataamka. Nikamuuliza ingekuwaje kama angepasuliwa siku ile ya zamu yake. Ni swali langu la kwanza kumuuliza tangu tufike. Akatazama dirishani, akasema siku ile ingewezekana. Hakunigombeza. Mama Ornella alilia, akaniuliza kwa nini sikumwambia, nami nikashindwa kumweleza kwamba nilikuwa nasubiri aniulize tena.

Lakini kuna lingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Peniel alipozinduka aliona plasta pajani, akaniuliza kama wameshamaliza. Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo Jumapili alipokwambia kwenye simu kwamba ameshatibiwa, hakuwa anadanganya. Anajua hivyo. Nilisikia vigelegele vyenu, nikamsikia Baba anasema atachinja beberu, na nilikuwa nimesimama pale pale, simu iko mbele yangu. Hajapasuliwa, Mama. Wala hatapasuliwa. Wanaturudisha na dawa za kumtoa maji mwilini, na daktari anasema tusitegemee kuwa naye msimu mwingine wa kupanda.

Yeye ana raha. Kwa kuwa sasa anabebwa mpaka mezani, anasema ndivyo wanavyotunzwa watu waliopasuliwa. Anamwonyesha Bibi Pierina kwa mikono jinsi atakavyodaka mipira huko nyumbani, naye bibi anageuza uso anajifanya anakatakata majani ya sungura.

Siombi unisamehe, sasa hivi sina uso wa kuomba. Ninachoomba ni kwamba uamue wewe kama aambiwe, na aambiwe na nani, maana mimi sistahili tena kujibu kwa niaba yake. Baba naye umweleze kwanza mkiwa wawili. Beberu mwache.

Siku tutakayofika Padri atawaambia. Uje stendi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Peniel amepanga kwamba basi likisimama atashuka akimbie mpaka ulipo, akuonyeshe kwamba amepona. Usisimame mbali, Mama. Njoo mpaka mlangoni mwa basi, umdake kabla hajakanyaga chini.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Mungu awape nguvu ambayo mimi sikuwa nayo.

Ni mimi mwanao,
Eliana