Fundo Langu la Majani ya Miwa

Atieno mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Awendo. Huku tu wazima. Mguu wangu umetulia, na mamako amemaliza kupalilia mahindi.

Unauliza mbona wafanyakazi wa kiwanda cha samaki unaowafundisha kusoma huko Homa Bay huja siku mbili, kisha wanapotea. Mimi pia niliwahi kupotea.

Nilikuwa msichana mkata miwa. Msimamizi alitaka mmoja wetu anayejua kuandika majina awe kiongozi wa kikundi, nami nikaingia darasa la watu wazima. Mwalimu akatuimbisha a, e, i, o, u kama watoto. Mama mmoja mzee akachukua panga lake akaondoka. Nikamfuata.

Mwalimu wa pili alitufuata shambani. Alikuta kila rundo la miwa lina fundo la majani, na kila mkataji ana namna yake ya kufunga.

"Hili la nani?" akauliza. Tukamwambia. "Na hili?" Tukamcheka, maana hakujua hata moja.

"Kumbe mnasoma," akasema. "Basi nifundisheni haya kwanza."

Alipoyajua yote, ndipo akaandika jina langu kando ya fundo langu. Kabla msimu haujaisha, niliandika majina ya kikundi kizima.

Sijui watu wako wa samaki wana alama gani zao. Umewauliza?

Ndani ya bahasha nimekuwekea fundo moja. Hebu lisome, mwalimu.

Dani, nyanya yako