Panga la Sita

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichomwandikia Mama kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo ila goti lake la kushoto, ambalo anasema linajua mvua kabla ya redio. Baba hajambo, maneno yake ni yaleyale machache. Mimi sijambo kabisa. Shule imefungwa na nimeshamaliza vitabu vyote vitano nilivyoazima maktaba, viwili nimevisoma mara mbili.

Sasa ni miezi minane tangu uondoke. Barua zako Mama hutusomea jikoni, Baba akijifanya anatafuta kitu kabatini. Kwa hiyo tunajua kuhusu duka la vitambaa, kuhusu mwenye duka anayepima kila kitu mara tatu, na kuhusu chumba chako ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Katika barua ya mwisho uliandika kwamba hushiki tena spana na wala huzikumbuki. Mama alipofika hapo aliikunja karatasi, akasema chai imepoa. Nami tangu siku hiyo nimekuwa nataka kukuandikia mwenyewe.

Nikueleze kwanza habari ya boti. Tangu ilipochemka katikati ya maji na abiria thelathini ndani, ikakokotwa hadi gatini kama mtoto mtoro, haijapona. Baba alibadilisha gasketi ya hedi, akabadilisha na mafuta, lakini kila akiongeza mwendo geji ya joto ilipanda. Basi ikawa tunavuka kwa nusu mwendo. Safari ya dakika ishirini ikawa dakika arobaini na tano. Abiria hawakukosa la kusema. Yule seremala wa ng'ambo, anayebeba mbao kila Jumatatu, alimwambia Baba kwamba safari nyingine atashusha ubao mmoja majini, aukalie, washindane. Baba akamwambia ashushe na msumeno wake, apate kitu cha kupigia makasia. Watu walicheka, lakini nilimwona Baba hakucheka.

Mwezi uliopita alifika fundi mpya kwenye karakana ya gatini. Hukuwahi kumwona. Ni mzee mwembamba, watu wanamwita Fundi Kijiti, kwa sababu pale nyuma ya sikio ambapo mafundi wengine huweka penseli yeye huweka kijiti cha mti, kirefu na chembamba kama sindano ya kufumia. Baba alimwomba aitazame injini. Siku ya kwanza hakuigusa. Aliomba tu tuvuke naye, kisha akalala kifudifudi nyuma ya boti, kichwa nje, akitazama maji yanayotoka kwenye bomba la ekzosi. Aliporudi, shati limelowa, alisema hii injini ina kiu.

Dada, unanijua. Mimi ni yule ambaye mwalimu akiniambia nisome mbele ya darasa sauti inanikimbia. Lakini neno lile lilinishika, nikajikuta namuuliza amejuaje. Alinigeukia kama mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe. Akanieleza kwamba injini ya boti ina maji ya aina mbili. Yako maji baridi yasiyo na chumvi, hayo ndiyo wenyeji, yanazunguka ndani ya injini na hayatoki. Na yako maji ya bahari, hayo ni wageni, yanaingia kwa chini, yanapita kwenye vijibomba vyembamba ndani ya kipoozeo, yanalichukua joto la wenyeji bila kugusana nao, kisha yanaondoka kwa mlango wa nyuma. Wageni wakiwa wachache, wenyeji wanachemka. Pale nyuma, bomba lilipaswa kutapika, nalo lilikuwa linatema mate tu.

Najua haya yote unayajua. Nakumbuka ulijaribu kunieleza mara tatu, nami nikaitikia mmh, mmh, macho kitabuni. Niruhusu tu nikusimulie, maana mimi ndio kwanza nimeyajua, na yananifurahisha mno.

Kazi yenyewe ilianza Jumanne asubuhi. Baba alifunga safari za siku nzima. Niliomba kushuka nao shimoni kwenye injini, na Fundi akakubali kwa sharti kwamba nishike ndoo na nisikanyage chochote chenye rangi ya shaba. Kwanza alifunga koki ya chini, ile inayoingiza maji ya bahari. Kisha akapanda, akachomoa ufunguo wa injini, akashuka nao na kuuning'iniza kwenye mpini wa koki. Nikauliza kwa nini. Akasema ili mtu yeyote anayetaka kuwasha injini lazima ashuke kuufuata ufunguo, na akishuka ataona koki imefungwa. Nilikaa nikiliwaza jambo hilo. Mtu amekubali mapema kwamba atasahau, akajitegea mtego wa kumkumbusha. Nikauliza na mengine, hadi alipoanza kuniita Bibi Kwanini, na Baba akasema jina hilo limechelewa miaka kumi na mitano.

Chujio la maji ya bahari lilitoa mwani, kipande cha mfuko wa plastiki na kaa mmoja mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mzima, amekunja magando tayari kupigana na sisi sote watatu. Nilimrudisha majini. Baada ya hapo Fundi alifungua kifuniko cha pampu na kuichomoa impela, lile gurudumu la mpira uliloliweka wewe. Alilikunja panga moja baada ya jingine akitafuta nyufa, mapanga yote sita, na hakuuona hata ufa mmoja. Alisema aliyeiweka hii ni mtu wa kazi, kifuniko amekikaza sawasawa pande zote na mpira aliupaka sabuni kabla ya kuuingiza. Baba alikohoa. Mimi nilitazama ndoo.

Fundi akasema kama pampu inavuta vizuri na maji hayafiki, basi yamezuiwa njiani, na njia yenyewe ni moja tu, tuifuate. Alifungua mpira unaopitisha maji kutoka kwenye pampu, akautazama ndani kwa tochi, akanipa nami nitazame. Mweupe. Akafika kwenye kipoozeo, akafungua skrubu za kifuniko cha mbele, akakigonga kidogo kikaachia.

Nilikuwa sijawahi kuona ndani yake. Ni kama mzinga wa nyuki uliolazwa. Nilihesabu midomo ya vijibomba, ni hamsini na miwili. Nilipomulika tochi upande wa pili, kumi na tisa tu ndivyo vilivyopitisha mwanga. Vingine vilikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, kama ule wa birika letu, na ile zinki inayowekwa humo ili iliwe badala ya shaba ilikuwa imebaki kama kipande cha mwisho cha sabuni. Lakini upande wa juu, penye midomo mingi kuliko kwingine, palikuwa na shungi la mwani lililoshonana. Fundi alichukua kijiti chake, akakiingiza chini ya shungi, akalinyanyua taratibu. Nilimuuliza kwa nini hatumii waya. Akasema chuma hukwaruza shaba, na mahali palipokwaruzwa ndipo panapotoboka. Shungi likatoka lote. Katikati yake palikuwa na kitu cheusi, kigumu, kimepinda kama ukucha.

Alikiosha kwenye ndoo niliyoishika, akakilaza kiganjani. Lilikuwa panga la impela.

Akamuuliza Baba nani aliyebadilisha impela mara ya mwisho. Baba akajibu kwamba ni binti yake mkubwa, na akaongeza lile neno, kwamba alilipua kazi. Fundi hakulijali. Aliuliza yalitoka mapanga mangapi kwenye ile ya zamani. Baba akasema alimwambia sita, yote. Fundi akaligeuza panga kwa ncha ya kijiti, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Basi huyu binti yako ama alidanganya, ama alidanganywa," alisema. "Na mtu anayepaka sabuni mpira ambao hakuna atakayeuona, mimi sioni akidanganya."

Baba alilichukua lile panga, akalitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Siku iliyobaki ilikuwa ya kusafisha. Tuliloweka vijibomba kwenye siki na maji moto, vikatoa mapovu madogo madogo kama soda. Siku nyingine ningefurahi kupita kiasi. Nilimuuliza Fundi ni hewa gani inatoka, kwa sauti ndogo, akasema mimi ndiye niko shule nimwambie. Nikamwambia kuhusu jaribio letu la chaki na siki, kwamba ni hewa ileile tunayoitoa puani. Alinipa mkono wake uliolowa kana kwamba ndio kwanza tumetambulishwa. Tukavipitisha kijiti, kimoja kimoja, vyote hamsini na viwili. Jioni nilimulika tena, na nyota zote zikawaka.

Jumatano boti ilivuka kwa dakika kumi na tisa. Maji ya nyuma yalimwagika kwa kishindo hadi watoto wakakimbilia kuyatazama, na geji ilisimama pale inapotakiwa, haikutikisika. Yule mama anayefuma sweta safarini alilalamika kwamba sasa hata mkono mmoja hatamaliza. Baba ndiye aliyeongoza. Mara mbili nilimwona anagusa mfuko wa shati.

Dada, sasa nafika kwenye jambo ambalo nimelizunguka kurasa zote hizi.

Siku ile impela ya zamani iliponyonyoka mapanga, ulinipa kopo la maziwa. Ulikuwa unayachomoa kwa koleo, mengine kwenye pampu, mengine kwenye mpira, unanipa mkono wa nyuma bila kugeuka, nami natia koponi. Uliniambia nihesabu, na uliniambia kwa nini, kwamba lisilopatikana litakwenda mbele na maji na kukwama. Kitabu changu kilikuwa gotini, kilikuwa kimebaki kurasa tatu. Ulipouliza mangapi, nilihesabu nikapata matano. Nikahesabu tena, matano. Nilidhani moja nimelidondosha mimi, chini ya injini, wakati nageuza ukurasa. Nikawaza kwamba kama nimelidondosha, basi limeshatoka kwenye pampu, lina madhara gani tena. Na abiria wa saa nne walikuwa wanangoja, na Baba alikuwa anaita, na niliona haya kukwambia kwamba kazi moja uliyonipa sikuiweza. Nikasema sita.

Wewe ukafunga kifuniko.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Boti ilipochemka, siku ile jikoni, Baba alipokwambia umelipua kazi, ulimjibu kwamba mapanga yote yalihesabiwa, muulize mdogo wangu. Baba akanigeukia akaniuliza. Nami nikasema sikumbuki. Nilikumbuka, Dada. Nilikumbuka hadi rangi ya kopo. Ulinitazama, na natamani ungekuwa umekasirika, lakini hukukasirika. Uliangalia mikono yako, kama mtu anayeanza kujiuliza kama kweli alihesabu. Siku mbili baadaye ulifunga begi.

Hukulipua. Nataka uyasome maneno hayo yakiwa yameandikwa. Ulifanya kila kitu sawasawa, ukamwamini mdogo wako kwa jambo moja, na ndilo lililoharibika. Kama umeacha spana kwa sababu huna hakika na mikono yako, basi umeziacha kwa kosa ambalo si lako. Siombi unisamehe upesi. Unaweza kukaa nalo muda wowote unaotaka, na ukiamua kunijibu kwa ukali nitaisoma barua yote hadi mwisho.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama unalala na blanketi zito au lile jepesi, na anasema ukisema jepesi atakuja mwenyewe, goti au si goti. Fundi Kijiti, ambaye hujamwona, ameniambia nikuulize ni sabuni gani uliyotumia, maana mpira haukushika hata kidogo. Baba hajakutumia salamu kwa sababu hajui kwamba ninaandika.

Kumwambia kwa mdomo nimejaribu mara nne tangu Jumanne. Nasimama mlangoni, sauti inanikimbia, ananiuliza nataka nini, nasema nataka mkasi. Sasa tuna mikasi yote ya nyumba chumbani kwangu. Kwa hiyo nimeamua hivi. Barua hii sitaifunga. Nitampelekea Baba pamoja na bahasha na stempu, nimwombe aisome yote kabla ya kuigundisha, na aipeleke posta yeye mwenyewe. Asipotaka kuipeleka ni haki yake, nitaiandika upya hadi ifike. Lakini ikikufikia imefungwa kwa mkono wake, utajua kwamba amesoma hadi hapa.

Nimemwachia mistari minne chini ya jina langu. Sijui ataandika nini, au kama ataandika. Wewe utajua kabla yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Bibi Kwanini