Yowe Langu

Duluth, Februari

Mpenzi Marlys, binamu yangu,

Theluji huku imefika madirishani, na mbwa anagoma kutoka. Kanda uliyoiokota duka la video lilipofungwa imefika salama. Nilizoea kukucheka kwa kupenda filamu za kutisha zisizotazamwa na mtu. Nisamehe.

Tulipoitazama, wajukuu walicheka tangu mwanzo, damu yenyewe sharubati. Msichana wa kwenye filamu akakimbilia ghorofani badala ya mlangoni.

"We mjinga, toka nje," Cody, yule mkubwa, akamfokea.

Ndipo likaja lile yowe. Unakumbuka? Mwigizaji hakuweza kupiga yowe, watengeneza filamu wakaja kunitoa jikoni mkahawani, nikalipiga mara moja tu.

Nikaandika kwenye kibao changu: "Huyo ni mimi." Wote wakanigeukia. Nilipopasuliwa koo sauti ikapotea, wao walikuwa hawajazaliwa.

"Bibi, kumbe ulikuwa na sauti kubwa hivyo?" Cody akauliza, akarudisha kanda nyuma.

Wamelirudia mara kumi na moja. Tessa, yule mdogo, akanitazama sana, kisha akasema nafanana na sauti yangu.

Ahsante, Marlys.

Wako,
Arlene